Safu Moja ya Kolekole

Kila Jumanne huja Aukuso kutoka Apia
na mizani ya kuning'iniza, na fomu yenye nakala tatu.
Hupenya ule mwanya wa mawe, boti ikikwaruza ubavu,
kwa kuwa Apolima haina mlango mwingine,
hushuka suruali imekunjwa magotini,
huuliza: "Kolekole, kilo ngapi wiki hii?"

Kalamu nashika mimi.
Shangazi Fuatino amekalia friza
iliyokufa tangu Krismasi, sasa ni ghala la mchele,
naye hujibu swali kwa swali:
"Kolekole yupi?"

Maana yupo lupo, urefu wa kiganja,
wa maji ya kisigino, watoto humkinga kwa kopo la maziwa;
huyo hukaangwa na kichwa chake,
na anayeihesabu miiba yake hana njaa.
Akifika kiwiko ni lupotā,
keshajua kukimbia, hajajua wapi.
Wa tatu malauli. Usimzungushie kamba kidoleni:
viulize vidole vya mumewe shangazi,
vilivyosalia.
Kisha ulua, paji kama nyundo,
hubebwa na wawili, na njia nzima hawasemi,
habari huwatangulia jikoni,
wala hakatwi mpaka wenye kuegemea nguzo wajue.
Kisha...
Hapo shangazi hushuka kwenye friza.
Sapoanae hatajwi na mtu aliyeketi.

Aukuso huitazama fomu.
"Mama, serikali ina safu moja."
"Basi serikali haijamla mkubwa."

Niliyaandika pembeni, kwa herufi ndogo,
majina yote matano, yamebanana
kama watoto chini ya mwavuli mmoja.
Fomu ilirudi baada ya miezi miwili, ina muhuri,
pembeni pamekatwa kwa mkasi,
mkato ulionyooka, wa mtu asiye na hasira.

Ndugu yangu Pelenato yuko Auckland,
kiwanda cha samaki, zamu ya usiku.
Hupiga simu akiwa na glavu mkono mmoja.
"Dada, huku samaki hufika bila kichwa.
Mkanda unapita, minofu inapita, yote myeupe,
juu ya boksi neno moja, na tarehe.
Mwanzoni nilikuwa nikibahatisha:
huyu alikuwa malauli, huyu alikaribia.
Sasa sibahatishi. Mkono unakata tu.
Nisomee."

Nami humsomea, polepole,
kutoka mdogo kwenda mkubwa,
nikifika wa tano nasimama,
ingawa hanioni.

Mwanawe tunaye sisi. Alimwacha anatambaa.
Samaki, wanasema, mkunje angali mbichi;
hawakusema nani amkunje
baba akiwa zamu ya usiku.
Juzi alinasa kitu penye mwamba, akakataa msaada,
kamba ikamchora viganja,
akarudi na ndoano imenyooka kama sindano
na hadithi ndefu kuliko kamba.

Pelenato aliuliza, kama anayeuliza bei:
"Amekuwa mkubwa kiasi gani?"

Ningeweza kusema darasa la tano.
Ningeweza kutaja kilo, ninazo:
Aukuso alimning'iniza kwenye mizani yake, kwa mzaha,
ishirini na tisa na nusu.
Nikasema, "Lupotā."

Kule mashine ziliendelea kuunguruma.
Nilisikia glavu ikivuliwa.
"Lupotā," akasema. "Bado, basi.
Kuna muda kabla ya malauli."

Nikamwambia upo.
Sikumwambia jinsi anavyokula.